Usitoke Mpaka Nikuite

Chelagat alikuwa jirani yangu kwenye ghorofa ya tatu pale Silver Spring, Maryland, huku Marekani, mlango wake ukitazamana na wangu. Jumamosi moja ya Agosti 2006 alinikuta jikoni nikikatakata sukuma wiki. Akaketi bila hata kuvua kofia, akachukua kipande cha karoti, akaniambia anasafiri kwenda Austria.

"Austria ama Australia?"

"Austria, Mumbi. Kuna mlima Bibi Hedwig anataka kuuona kabla hajafa."

Tulicheka. Sisi tuliokulia chini ya milima hatukuelewa kwa nini mtu apande ndege kwenda kutazama mlima. Lakini nilimwonea wivu kidogo. Mimi kazi yangu ilikuwa kupokea simu kwenye kliniki ya meno; yeye alikuwa amemtunza Bibi Hedwig miaka mitatu, kumwogesha, kumpa dawa, kumsukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka bustanini, na sasa anapelekwa Ulaya.

Bibi Hedwig alikuwa na miaka sabini na tisa. Alizaliwa katika kijiji kilicho chini ya mlima huo, unaoitwa Untersberg, akaja Marekani baada ya vita akiwa mke wa mwanajeshi. Mlima wenyewe ni wa mawe ya chokaa, na maji yameutoboa kwa maelfu ya miaka mpaka ndani ukajaa mapango. Wenyeji wana hadithi zao. Wanasema mfalme wa kale amelala humo na askari wake. Wanasema harusi nzima iliwahi kuingia, wakala, wakacheza, wakatoka wakidhani ni asubuhi ya pili, kumbe nje imepita miaka mia.

"Na yeye anaziamini?" nikauliza.

Chelagat akaacha kutafuna. "Ana dada yake humo."

Ndipo akanieleza. Hedwig alipokuwa na miaka kumi alipanda mlimani kuchuma matunda ya porini na wasichana wakubwa. Mdogo wake Resi, wa miaka sita, akawafuata. Hedwig aliona haya kuandamwa na mtoto. Akamwingiza kwenye mdomo wa pango, akamwambia, huu ni mchezo, jifiche hapa, usitoke mpaka nikuite. Kisha akaenda na wenzake. Akasahau. Jioni alipokumbuka alikuwa ameshafika nyumbani, na mama yake alipouliza Resi yuko wapi, aliogopa fimbo, akasema hakutoka naye. Watu walimtafuta siku nne, upande wa mtoni, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba mtoto alipanda mlima. Hedwig alilijua pango. Alinyamaza siku zote nne. Alinyamaza miaka sitini na tisa.

"Anataka kwenda kumwita," Chelagat akasema. "Basi. Kumwita tu."

*

Walifika wiki ya pili ya Septemba. Gari la kamba, lile linaloning'inia kwenye waya, liliwapandisha mpaka juu, lakini njia ya kwenda pangoni ilikuwa ya mawe, haipitiki kwa kiti cha magurudumu. Bibi Hedwig akaketi kwenye benchi nje ya kituo, blanketi magotini, akamfundisha Chelagat maneno matatu ya lugha ya kwao: jina la mtoto, na *toka sasa*. Akamwambia aende badala yake.

"Dakika kumi kwenda. Uite kwa sauti. Usiingie ndani."

Saa ya Chelagat ilisema tano na dakika tano asubuhi. Kulikuwa na jua. Aliwapita watalii wawili wenye fimbo za kutembelea, wakamsalimia kwa kichwa. Baada ya hapo hakuona mtu tena.

Pango lilikuwa dogo kuliko alivyofikiri. Tundu jeusi kwenye ukuta mweupe, kimo chake kama meza. Upepo baridi ulikuwa unatoka ndani, wenye harufu ya ukuta uliopakwa chokaa juzi. Akasimama hatua kama ishirini mbali. Akavuta pumzi ili aite.

Hapo akasikia.

Unakumbuka ule mchezo wetu wa brikicho? Ukiwa wewe ndiye unayetafuta, ukampita mtu aliyejificha karibu, unasikia anavyobana pumzi. Unasikia kicheko kinavyozuiliwa puani.

Hicho ndicho alichosikia. Kwenye lile tundu. Karibu kabisa na mwanga.

Hakuita. Aligeuka akakimbia, akaanguka, akachubuka kiganja, akainuka. Hakutazama nyuma. Anaapa hakuchukua hata dakika ishirini, kwenda na kurudi, na saa yake ilikubaliana naye: tano na dakika ishirini na tatu.

Saa ya kituoni ilikuwa inasema kumi na moja kasorobo jioni. Jua lilikuwa limehamia upande mwingine wa mlima.

Bibi Hedwig alikuwa palepale kwenye benchi, midomo imekuwa ya buluu. Mfanyakazi wa kituo alisema amemsihi mara tatu aingie ndani apate joto, amekataa. Alikuwa amejibu kwamba yeye ana zamu yake ya kungoja.

"Umemwita?" aliuliza.

Chelagat akasema, "Tushuke kwanza, Bibi. Umepoa sana."

*

Sasa nafika kwenye sehemu yangu. Ningependa kuiruka.

Jioni ya kwao, mchana wa kwetu, Chelagat alinipigia simu kutoka hotelini. Mimi nilikuwa kwenye chumba cha wafanyakazi pale kliniki, nina dakika ishirini za kula, na wali wangu unapoa. Alikuwa analia kwa kunong'ona. Akanisimulia yote.

"Ananiuliza, Mumbi. Kila dakika ananiuliza. Kesho asubuhi nirudi juu?"

"Urudi wapi na mgonjwa anatetemeka?"

"Kwa hivyo nimwambie nini?"

Nilikuwa na njaa. Sikuamini mambo ya pango, na nilitaka aache kulia. Nikamwambia, "Mwambie umemwita. Atajuaje? Ongezea tu kwamba umesikia mtoto akisema amemsamehe. Huo si uongo, dada, huo ni huruma."

Nikamsikia akipenga kamasi. Kisha akasema, "Sawa." Nikarudi kwenye wali wangu.

Alimwambia. Bibi Hedwig alilia kama mtoto mdogo, akambusu Chelagat mikono yote miwili, hata kile kiganja kilichochubuka.

Walirudi Maryland, Bibi Hedwig akiwa na nimonia. Ile baridi ya benchi ilimwingia kifuani na haikutoka. Alifariki nyumbani kwake wiki tatu baadaye, saa nane mchana, Chelagat akiwa peke yake kando ya kitanda. Kwenye mazishi mwanawe, Ethan, mwanamume mzima mwenye mvi, alisimama mbele ya watu akasema mama yake amekufa na amani kwa sababu mwanamke huyu alipanda mlima kwa niaba yake. Watu wakageuka kumtazama Chelagat. Aliinamisha kichwa. Wakadhani ni unyenyekevu.

Kanisani kwetu, Riverdale Park, mchungaji Phineas alisikia habari hizo, akamwomba atoe ushuhuda. Akautoa. Mimi nilikuwa safu ya pili. Nilipiga makofi.

*

Miaka miwili ikapita. Chelagat alikonda. Alipata mgonjwa mwingine, mama mmoja kule Lanham, akaachishwa kazi kwa sababu alikataa katakata kufungua kabati la mashuka. Akapata mwingine, ikawa vilevile. Kwake alikuwa ameondoa milango ya makabati yote, akaiegemeza ukutani. Nilipomuuliza, alisema inamziba hewa. Nami sikuuliza tena, kwa sababu nilihisi jibu linanihusu.

Jumapili moja ya Julai 2008, baada ya ibada, tulikuwa sisi wawili tu kwenye chumba cha kufulia chini ya jengo. Mchana kweupe. Mashine zinanguruma. Nikamwambia, kwa utani wa kijinga, kwamba Bibi Hedwig angemwona alivyokonda angemkaripia.

Chelagat akaacha kukunja nguo.

"Sikukuambia alivyosema mwisho," akanong'ona. "Siku ile anakufa. Alifumbua macho akaangalia miguuni pa kitanda. Akaongea kilugha chao, taratibu, kama mtu anayeongea na mtoto. Akasikiliza. Halafu akanigeukia. Mumbi, alinitazama vile sijawahi kutazamwa na mtu. Akaniambia, 'Anasema hakuna aliyemwita.'"

"Alikuwa anaweweseka."

"Nilimdanganya, na alikufa akijua. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho."

Nikachukua shuka nikaanza kulikunja. Mashine ya mwisho ya kufua ikazima.

Kimya.

Ukutani kulikuwa na mashine sita za kukaushia. Yetu ilikuwa wazi. Nne nyingine zilikuwa wazi. Moja, ya chini pembeni, mlango ulikuwa umefungwa, na haikuwa na nguo. Ningeona kwenye kioo.

Ndani yake mtu alikuwa amebana pumzi.

Niliisikia mwenyewe. Pumzi fupi. Kisha kile kicheko kidogo, kikikatwa puani.

Chelagat hakushtuka. Aliniangalia tu. Alikuwa amechoka. "Amejificha vizuri," akanong'ona. "Ni mtoto mtiifu. Hatoki mpaka aitwe."

"Si umwite basi!" nikasema, nami nikanong'ona.

"Nimemwita hapa. Nimemwita mpaka sauti ikakauka. Si hapa alipoachwa."

Aliniomba nimsindikize kule mlimani. Nataka niliseme hili wazi. Aliniomba mara moja tu, kwa adabu, kana kwamba ni mimi ninayetendewa hisani. Nikasema kazini hawataniruhusu. Sikuwauliza kazini.

*

Alikwenda peke yake Agosti. Siku ya tatu nikapata simu.

"Nimemwita," akasema. Sauti yake ilikuwa nyepesi, ya yule Chelagat wa zamani.

"Na halafu?"

"Uje unichukue uwanja wa ndege, Dulles, Alhamisi. Saa tisa."

Nilimkuta nje kwenye kibaraza cha wasafiri na begi moja. Uso ulikuwa umetulia. Tulikumbatiana, nikalia, nikamwambia pole, pole kwa yale ya simu, pole kwa makofi, kwa kila kitu. Akanipapasa mgongo, akasema, "Imeisha, dada. Hana hasira." Nikafungua mlango wa mbele wa gari ili aingie.

Alisimama kidogo kando yake. Kisha akaufunga, polepole, akaenda kuketi nyuma.

"Mbona nyuma?"

"Nitanyoosha miguu."

Nikaondoa gari. Tulikuwa hatujafika hata barabara kuu nilipoona kile kitaa cha njano kwenye dashibodi. Ni kitaa cha kiti cha abiria. Kiti kikiwa kitupu hakiwaki. Akiketi mtu mzima hakiwaki. Kinawaka akiketi mtu mwepesi, ili mfuko wa hewa usije ukamwumiza mtoto.

Kilikuwa kinawaka.

Nikatazama kiti. Hakuna kitu. Hakuna mkoba, hakuna gazeti. Halafu ile kengele ya mkanda ikaanza kulia. Ting. Ting. Ting.

Nikamtazama Chelagat kwenye kioo. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa ameegemea mbele kidogo, anatazama kile kiti, na anatabasamu.

"Mumbi," akanong'ona. "Mfunge mkanda."

Niliegesha kando ya barabara. Malori yalikuwa yanapita, jua linawaka, watu wana shughuli zao. Nikavuta mkanda, nikaupitisha juu ya kiti kitupu, nikaubana.

Kengele ikanyamaza.

Mkanda haukulala kitini. Ulibaki umejikunja hewani, shibiri moja mbele ya kiti, kama unavyojikunja siku zote mbele ya tumbo la mtu. Ulikuwa unapanda. Unashuka. Unapanda.

Niliendesha dakika arobaini na tano mpaka Silver Spring na sikugeuza shingo tena. Tulipofika, Chelagat alizunguka, akafungua ule mlango, akangoja, kama unavyongoja mtu mfupi ateremke. Akaniambia asante. Akaenda mlangoni mkono mmoja ukiwa umening'inia mbali kidogo na mwili, vidole vimekunjwa, mwendo wake wa hatua fupifupi.

Kabla ya Krismasi alihamia Minnesota, na huko amepata kazi nzuri. Akinipigia simu huwa mchangamfu. Husema "tumekula," "tumelala," "tumekusalimia." Simuulizi ni nani na nani.

Mimi nilibaki na gari. Wiki iliyofuata ile safari ya Dulles nilimpa lifti mama mmoja wa kanisani, akavuta mkanda, ukafika nusu ukakwama. Nikampelekea Festus, fundi wa Lanham, Mkenya mwenzetu. Aliufungua wote, akautazama, akasema hauna kasoro yoyote, ila unakataa kuvutika kupita pale. Akaupima kwa kiganja chake.

"Huu umezoea mtoto," akasema. "Wa miaka mitano, sita hivi. Ni wako?"

"Wa dada yangu," nikamjibu. Ulimi wangu haukukwama hata kidogo.

Alining'olea ule mkanda, akaweka mpya. Ulifanya kazi siku tatu. Asubuhi ya nne niliuvuta mwenyewe, kwa mkono wangu, ukaja vizuri, ukaja, ukakomea palepale.