Safwan Mwana wa Wadha

Kengele ya ulingo ililia mara moja, na waya wake ulikuwa mkononi mwa Khattab, umechomolewa ukutani.

Yeye na Harrison wakatazamana, kisha wakacheka. Ilikuwa saa kumi alasiri, jua la Mabela, viungani mwa jiji la Kiarabu, linachoma nje, na ndani ya ukumbi wa ndondi hapakuwa na mtu mwingine.

Ukumbi ulikuwa wa Khattab. Harrison, bondia mstaafu wa uzito wa juu kutoka Nakuru, aliwafundisha wanachama waliokuja jioni. Kabla hawajafika, wawili hao walizoea kuwapambanisha mabondia ambao miaka haikuwakutanisha: Louis na Tyson, Foreman kijana na Lewis, Ali na Usyk. Kila mmoja alisimama kwenye kona ya mtu wake, wakabishana raundi kwa raundi.

"Louis wako angemfikia Ali kwa miguu gani, boss? Ya kukodi?"

"Wewe subiri mkono wake wa kulia umfikie Ali, halafu uniulize miguu."

Siku hiyo Khattab alimleta kwenye mchezo huo marehemu baba yake. Mzee Safwan alipigana Unguja enzi za ujana wake, na nyumbani kwao ilijulikana kwamba hakuwahi kushindwa.

"Hakushindwa na nani? Wauza urojo?" Harrison alicheka. "Huyo hata mimi na kitambi hiki namlaza."

"Raundi kumi?"

"Kumi. Mlete."

Khattab akachomoa waya wa kengele ili isimkatize, akapanda ulingoni akiwa nao mkononi, chupa ya maji mdomoni kama kipaza sauti. Alitaja uzito, akataja mtaa, na ili tangazo linoge akamwita kwa jina la mama yake, mara tatu: "Safwan mwana wa Wadha!" Hapo ndipo kengele ilipolia.

Kicheko cha Harrison kilikatika. Alijikunja, mkono ubavuni, akapiga goti. Harufu ya kafuri, ile wanayopakwa maiti, ilikuwa imetanda, na haikutoka kwenye chupa yoyote ya dawa ya kuchua.

"Boss," alinong'ona, "nani amenipiga?"

Kesho yake, saa ile ile, kengele ililia tena na jicho la kushoto la Harrison likavimba mbele ya macho ya Khattab. Siku ya tatu Harrison alikimbilia Yiti, akakaa ufukweni kati ya watu, simu sikioni. Na Khattab akiwa Mabela akaisikia kengele ikilia ukumbini, na sekunde ile ile, kwenye simu, akasikia pumzi ya rafiki yake ikikatika, na mama fulani akipiga kelele kwamba mtu mzima ameanguka peke yake. Siku ya tano Harrison alikojoa damu. Kila siku raundi moja; zilibaki tano.

Khattab akaenda Bawshar kwa mama yake, Bi Nasriya, aliyekuwa akiwasomea dua wagonjwa wa mtaa. Alimsikiliza mpaka mwisho, tasbihi imetulia mkononi.

"Umemwita kwa jina la mamake?"

"Nilitaka lipendeze tu, mama."

"Astaghfirullah. Kwa jina la mama huitwa maiti anaposomewa talakini kaburini, akumbushwe imani yake. Na majini nao wanasikia. Babaako kalala, hatoki. Kilichokuja ni kitu kingine, kimeona jina liko wazi kikalivaa."

"Na wale mabondia wengine tuliokuwa tukiwaita?"

"Wale uliwaita kwa mzaha. Huyu ulimwita kwa mapenzi. Wewe ndiye uliyesimama kwenye kona yake. Mtupie taulo. Useme kashindwa, kwa jina lile lile."

"Baba nimtupie taulo? Mama, hakushindwa hata siku moja!"

"Nnajua. Mimi ndiye niliyekuwa nikimfunga bandeji."

Khattab hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na baba mmoja, na kitu kimoja cha kujivunia kwa baba huyo. Siku ya sita alisimama na taulo mkononi na mkono haukunyanyuka, akajiambia labda leo kengele haitalia. Ikalia, na alipomwinua Harrison sakafuni jicho la kushoto halikuona tena kidole kilichoinuliwa mbele yake.

"Boss," Harrison alisema taratibu, bila hasira, "nina watoto watatu Nakuru. Baba yako ni mkali. Nimekubali. Sasa mwambie aache."

Siku ya saba, kabla ya saa kumi, Khattab alisimama kwenye kona ya baba yake, Harrison akiwa chini ya ulingo, na kamba za ulingo zikaanza kunesa kana kwamba kuna mtu mzito anaziegemea upande wa pili, na kafuri ikamjaa puani na kooni, na ndipo, akilia kama siku ya mazishi, akalirusha taulo katikati, akapaza sauti: "Safwan mwana wa Wadha kashindwa! Kashindwa, khalas!"

Kengele haikulia. Saa kumi ikapita. Harrison alivuta pumzi ndefu isiyo na maumivu, ya kwanza kwa wiki nzima, wakakumbatiana.

Khattab akaendesha gari mpaka Bawshar kumshukuru mama yake. Alimkuta jikoni, uso unang'aa kama wa bibi harusi, anafunga barafu kwenye kitambaa.

"Mama, barafu ya nini?"

"Sema polepole. Babaako karudi, uso wote umemvimba, maskini." Akageuka kutazama mlango wa chumba, ambako harufu ya kafuri ilikuwa ikitokea, kisha akasogea karibu na mwanawe na kushusha sauti. "Anauliza nani kamtupia taulo. Nimwambie nani?"