Hema Juu ya Landrova

Daktari wa mifugo Ngugi aliokotwa akiwa maiti saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Kakuma, kando ya Landrova ya serikali. Kichwa kilikuwa kimepondeka juu ya mawe na hema limemfunika. Lilikuwa hema la kufungwa juu ya gari, kitu kigeni kabisa Turkana mwaka ule wa 1974. Nusu yake ilikaa juu ya keria, fremu ya mizigo ya paani, na nusu ikaning'inia nje, na huko nje ndiko alikolaza kichwa. Usiku lilipinduka naye.

Sajini Opondo alifika akiyumba. Malaria ilikuwa haijamwachia, na usiku kucha alilala kama gogo. Aliegemea boneti apate nguvu, kisha akajipangusa kiganja kwenye suruali na kuanza kazi. Vyuma vya hema vilikuwa vizima. Kamba za ngozi zilizovishika kwenye keria ndizo zilizolegea, zimelowa, zinateleza mkononi. Chini ya gari debe la maji la safari lilikuwa limelala ubavu, tupu.

Mto Tarach, uliokuwa mchanga mtupu jana, ulikuwa ukinguruma ukingo hadi ukingo. Njia ya Lodwar ilikuwa imefungwa na redio ya kituo ilikuwa mbovu. Aliyeua, kama yupo, alikuwa amefungiwa hapo pamoja nao wote.

"Ni mvua ya usiku, omera," alisema Omollo, mtunza dawa wa Ngugi. "Fundi Ebei alifunga hema na ngozi makusudi. Ng'ombe zake zilikufa baada ya Ngugi kuzidunga sindano. Aliapa kulipiza, mbele ya watu huko Lodwar!"

Kuitwa omera, ndugu kwa Kijaluo, na mtu wa nyumbani, mbali vile na ziwa lao, kulimpoza Opondo moyo. Akamtia Ebei ndani.

Seli ilikuwa ya mabati. Kufikia saa sita ilikuwa tanuri, na Ebei alikuwa amebandika mdomo kwenye tundu la msumari akitafuta hewa. Mto ukishuka, gari la Lodwar lingekuja kumchukua, na mwisho wa safari hiyo ni kitanzi. Yeye mwenyewe alilijua hilo.

"Kwa nini ngozi?" Opondo aliuliza.

"Bolti ya hema ni fupi, keria nene. Nilifunga na ngozi ya ngamia mbichi. Ikikauka, hata wewe panda na familia yako."

"Na ikilowa?"

"Inalegea. Niliambia daktari, na Omollo akisikia: mvua ikinyesha, shuka."

"Na ng'ombe zako?"

"Daktari aliniambia ukweli. Dawa ilikuwa nusu maji. Leo tulikuwa tunarudi Lodwar kushtaki mtu wa stoo ya dawa."

"Mbona hukusema asubuhi?"

"Asubuhi uliuliza mwenzako. Mimi hukuniuliza."

Opondo alitoka nje, uso ukimwaka kwa aibu. Alijitetea moyoni: maneno ya mshukiwa si ushahidi. Akainama kupumua, na hapo akaiona suruali yake. Juu ya paja, kwenye kaki, kulikuwa na alama ya kiganja chake kwa vumbi jeupe. Kisha akamwita Omollo kwenye gari.

"Omera, andika jina lako hapa kwenye boneti."

"Kwa nini?"

"Andika tu, kwa kidole."

Omollo alicheka kidogo, akaandika kwenye vumbi jeupe.

"Soma."

"Omollo."

"Vizuri. Sasa niambie, mvua iliyolowesha ngozi huko juu ilirukaje boneti?"

Omollo aliutazama mto.

"Maji hayo ni ya milima ya Uganda," alisema Opondo. "Hapa Tarach hujaa jua likiwaka. Hapa halikuanguka tone. Lakini jioni debe lilikuwa na maji, na leo ni tupu. Wewe ulimsikia fundi akieleza ngozi inavyolegea, ukayamwaga juu ya kamba. Asubuhi ukaukuta mto umejaa, ukadhani mvua imekusaidia."

"Opondo, sisi ni watu wa nyumbani..."

"Ngugi naye alikuwa na kwao."

Omollo alirudi nyuma hatua chache. Mbele yake ulikuwa mto, na nyuma yake watu wa Kakuma waliokusanyika. Akakaa chini.

"Nusu ya dawa niliuza mpakani, Lokiriama," alisema. "Nilijazia maji. Nilimwomba anisamehe mara moja tu, akakataa. Nilitaka avunjike mguu, acheleweshwe. Sikutaka afe."

Hilo Opondo aliliacha kwa hakimu. Alimfungia Omollo katika seli ileile ya mabati, akamfungulia Ebei. "Ejok," alimsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok," Ebei alijibu, bila kumtazama.

Aliomba maji kwanza, akanywa. Kisha akafungua vyuma vya hema, akavipanga viwe machela, akamlaza daktari juu yake katika turubai. Zile kamba akazilowesha tena, akaanza kufunga, akikaza kila fundo kwa goti.

"Ngozi itakauka kabla mto haujashuka," alisema. "Safari hii hataanguka."