Mikono Miwili ya Kushoto

Chumba cha kushonea kilikuwa mbele ya nyumba, mlango wake ukitazama barabara. Ndani mlikuwa na meza ya kukatia, kioo kirefu, pasi na cherehani mbili. Mwenye chumba hicho watu wote walimwita Fundi. Hata mume wake alimwita Fundi, hasa akiwa na shati lililokatika kifungo.

Cherehani ya mlangoni ilikuwa ya Fundi. Ya pili, nyeusi, ilikuwa ya dada yake mkubwa, na sasa ilikuwa imefunikwa kwa shuka. Dada huyo ndiye aliyemfundisha Fundi kushona. Kisha, alipokaribia miaka hamsini, alibadilika. Alilia bila sababu. Aligombana na wateja. Alifungua madirisha wakati wenzake wanajikunyata kwa baridi. Siku moja akaacha kazi, akajifungia katika nyumba ya wazazi wao, mtaa wa pili. Watu wakasema amerukwa na akili. Ndugu zake nao wakasema hivyo hivyo, ila kwa sauti ya chini.

Sasa Fundi mwenyewe alikuwa na miaka arobaini na minane. Kila siku joto lilimpanda kutoka kifuani hadi usoni, jasho likamtoka. Usingizi ulimpaa. Hedhi ilikuja mwezi huu, ikapotea miezi mingine. Alitafuta mkasi huku ameushika mkononi. Hakumwambia mtu.

Siku moja wakiwa mezani, mume wake alisema, "Leo chumvi imezidi kidogo."

Fundi alisukuma sahani, akaanza kulia. Mume alishangaa. Akasema kwa upole, "Mama, mbona umeanza kuwa kama dada yako?"

Hakuwa na nia mbaya, lakini maneno hayo yalimchoma Fundi mpaka moyoni. Hicho ndicho alichokiogopa kila siku: kwamba wazimu umo katika damu yao, na sasa zamu yake imefika.

Wiki hiyo alikuwa anakata gauni la muuguzi wa zahanati. Muuguzi alikuwa anamwoza mwanawe, na kitambaa kilikuwa cha satini, upande mmoja unang'aa na mwingine umefifia. Fundi yeyote hukikunja kitambaa cha namna hiyo, akakata mikono yote miwili kwa pamoja, wa kulia na wa kushoto. Siku hiyo Fundi hakukikunja. Alikata mkono mmoja, akakata na wa pili kwa kipimo kile kile. Binti yake, aliyekuwa anapiga pasi, ndiye aliyegundua.

"Mama, hii yote ni ya kushoto."

Fundi alitazama mikono ile miwili. Miaka thelathini ya kushona, na hakuwahi kufanya kosa la mwanafunzi kama hilo. Kitambaa kilikuwa kimekwisha, na maji yakimwagika hayazoleki.

Muuguzi alipokuja kujaribu gauni, Fundi alimwonyesha kila kitu.

"Nilaumu utakavyo, sista, sikatai. Tafuta fundi mwingine. Mimi nafunga kazi kabla watu hawajaanza kunicheka."

"Harusi bado iko mbali," alisema muuguzi. "Tuache gauni. Mbona unatoka jasho hivyo na asubuhi hii kuna baridi?"

"Ni pasi."

"Pasi iko kwa binti yako, na yeye amevaa sweta."

Muuguzi akavuta kiti. "Niambie, dada yangu. Siku zako unaziona kama zamani?"

Fundi alimtazama binti yake, akaona aibu. "Wewe, hebu nenda nje kidogo."

"Mwache asikie," alisema muuguzi. "Na yeye ni mwanamke. Sisi hatukuambiwa, ndiyo maana tunateseka gizani."

Basi Fundi akaeleza. Alianza polepole, kisha yakatoka yote: joto, usiku usio na usingizi, hasira, kusahau. Mwisho akasema kwa sauti ndogo, "Kuna siku nalala nikiomba nisiamke."

Binti aliweka pasi chini.

"Ahsante kwa kusema," alisema muuguzi. Hakucheka wala hakushtuka. "Hiyo huzuni ni jambo zito, na ina tiba. Leo hii tutakwenda wote zahanati. Lakini kwanza sikiliza. Unakaribia kukoma hedhi. Wanawake wengi hufikia hapo kati ya miaka arobaini na mitano na hamsini na mitano, wengine mapema zaidi. Mwili unapunguza homoni, zile kemikali zinazoongoza hedhi. Homoni zikipanda na kushuka, joto linakuja, usingizi unaondoka, na moyo nao unaweza kuchafuka."

"Kwa hiyo si wazimu?"

"Si wazimu, wala hujarogwa. Mimi yalinipata nikiwa kazini. Nilikuwa natoka wodini naenda kulia stoo, kati ya mashuka. Muuguzi mzima! Nilijua habari hizi vitabuni, lakini nilikuwa naona haya kuzisema."

"Wewe?"

"Mimi. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Na sisi tumeshazaa, tunaficha nini tena?"

Fundi alicheka huku machozi yanamtoka.

Zahanati walimpima shinikizo la damu na damu yenyewe, kwa sababu upungufu wa damu au ugonjwa wa tezi ya shingo huweza kufanana na hali hiyo. Daktari alimweleza kuwa zipo dawa za homoni, ila hazimfai kila mtu, na hazinunuliwi ovyo bila kupimwa. Alimpeleka kwa mshauri nasaha kuhusu huzuni yake. "Mawazo ya kutaka kufa yakirudi, usingoje miadi," daktari alisema. "Mwambie mtu, uje siku hiyo hiyo." Alimwambia pia avae nguo nyepesi, atembee kila siku na apunguze kahawa. Na kama hedhi ikishakoma mwaka mzima, halafu damu ikatoka tena, aje haraka.

"Na kwa sasa bado unaweza kushika mimba," daktari aliongeza.

"Mungu apishe mbali!" alisema Fundi. Mume wake, aliyeitwa na binti yao aje kumsikiliza daktari pamoja naye, aliinamisha kichwa. Njiani alimwambia, "Nisamehe, mama. Nilikulinganisha badala ya kukuuliza."

Neno hilo halikumtoka Fundi akilini. Dada yake je, kuna aliyemuuliza?

Kesho yake alikwenda na binti yake mtaa wa pili. Dada alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, dirisha wazi. Fundi hakumhoji. Alikaa kando yake, akasimulia yake mwenyewe, bila kuficha hata moja.

Dada alisikiliza akitazama sakafu. Kisha akauliza, "Hilo joto linaanzia wapi?"

"Hapa," Fundi alishika kifua.

Dada aliweka mkono wake kifuani, mahali pale pale. "Na shuka linalowa?"

"Linalowa, dada."

"Na unaogopa, lakini hujui unaogopa nini?"

"Ndiyo."

Dada alianza kulia. "Miaka yote hii, mdogo wangu. Mbona hamkuniuliza?"

Fundi alimkumbatia, wakalia pamoja.

Dada naye alianza kwenda zahanati. Joto lilikuwa limeshapungua lenyewe, lakini huzuni ilikuwa imeota mizizi, na tiba yake ilichukua miezi. Kuna siku alikataa kutoka. Kuna siku alitoka akarudi njiani. Kisha asubuhi moja aliingia chumba cha kushonea, akaona gauni la muuguzi limetundikwa bila mikono.

"Nani alikata hii mikono?"

"Mimi," alisema Fundi.

Dada aligeuza kitambaa, akachukua chaki. "Ni mirefu. Tutakata upya mikono mifupi, mmoja wa kulia, mmoja wa kushoto. Kinatosha." Akachora mstari wa kwanza. "Mimi niliwahi kukata suruali yenye miguu miwili ya kulia. Niliichoma moto ili mtu asijue."

Walicheka mpaka binti akaja kuchungulia. Dada akaondoa shuka juu ya cherehani nyeusi, akatia uzi.

Gauni lilikuwa karibu kwisha alipoingia mteja, mwanamke wa makamo anayejipepea kwa kanga. Alimwona aliyekaa kwenye cherehani nyeusi, akamnong'oneza Fundi, "Huyu si yule dada yako aliyerukwa na akili?"

Cherehani ilisimama. Dada alimtazama yule mwanamke, akaona uso wake ulivyolowa jasho na kanga isivyotulia mkononi mwake.

"Ndiye mimi," alisema. "Vuta kiti, nikusimulie."