Waya Uliomchoma Kiherehere

Kila asubuhi Kiherehere alifanya mambo matatu kwa mpigo: alifunga kamba za viatu, alitafuta daftari na alitafuna kalamu. Jina hilo alipewa na shangazi yake, fundi cherehani aliyemlea, kwa kuwa msichana huyo wa miaka kumi na miwili hakujua kutulia. Asubuhi moja, hata hivyo, alisimama tuli mbele ya kioo. Siku hiyo meno yake yaliyopandana yangefungwa vyuma vya kuyanyoosha.

"Watatoboa? Watang'oa? Nitaweza kuongea?" aliuliza njia nzima.

"Ukishindwa kuongea, masikio yangu yatapata likizo," shangazi alimjibu.

Daktari wa meno, mama mmoja mwenye sauti ya taratibu, hakutoboa wala kung'oa. Aliyakausha meno, akabandika kidude cha chuma juu ya kila jino kwa gundi, akaimulika kwa taa ya buluu mpaka ikashika, kisha akafunga waya kutoka kidude hadi kidude. Kazi ilichukua zaidi ya saa nzima. Kiherehere alihesabu vigae vya dari mara nne.

"Kuanzia kesho meno yatauma siku tatu nne hivi," daktari alisema. "Kula vitu laini, na piga mswaki kila baada ya kula. Waya ukikukwaruza, paka nta hii. Pipi ngumu, barafu na kutafuna kalamu, marufuku. Kitu kikilegea, njoo mara moja."

Kweli meno yaliuma, na kweli yakapoa. Wiki ya pili ukaja mtihani wa hesabu. Swali moja lilimkalia vibaya, na kabla hajajua, kalamu ilikuwa mdomoni. Tak! Kidude cha nyuma kikabanduka, kikabaki kinaning'inia kwenye waya.

Shangazi alikuwa ameacha nguo za wateja ili ampeleke kwa daktari; angemwambiaje kuwa ni kalamu?

"Mbona kimya leo?" shangazi alimuuliza jioni.

"Nimechoka tu."

Kesho yake akajifungia bafuni na kikata kucha, akidhani atakata waya na kukitoa kidude mwenyewe. Waya haukukatika. Ulipinda tu, ncha yake ikachomoza na kumchoma shavu. Akapaka nta yote, ikabanduka.

Siku ya tatu shavu lilikuwa limevimba. Chakula hakikulika. Alizunguka chumba cha kushonea, akafungua dirisha, akalifunga, akakunja kitambaa kilichokwisha kukunjwa. Mwishowe akasimama mbele ya cherehani.

"Shangazi, nimevunja."

Shangazi alitoa pini midomoni. "Umevunja nini?"

"Vyuma. Kwa kalamu. Halafu nikaharibu zaidi kwa kikata kucha. Na sikuwa nimechoka, nilikudanganya."

Shangazi akamwinua kidevu, akachungulia, akashusha pumzi. "Vaa viatu twende."

Daktari alitazama, akachukua koleo dogo, akakata ncha ile. Kwi! Ikaisha.

"Basi?" Kiherehere aliuliza kwa mshangao.

"Basi. Sasa nabandika kidude upya, na kinywa utakisukutua kwa maji ya chumvi." Alipomaliza kukibandika, daktari alivua glavu, akavuta kiti karibu. "Watoto wengi huvunja vyuma, mwanangu. Kalamu ilibandua kidude kimoja tu. Shavu limetobolewa na siku tatu za kuficha. Kosa likisemwa lingali dogo, hutengenezeka upesi. Ukilificha, linaendelea kukua hukohuko ulikolificha."

Kiherehere alimgeukia shangazi. "Umekasirika?"

"Kidogo," shangazi alisema, akamfuta shavu kwa kitambaa. "Kwa sababu ulikaa na maumivu nyumba moja na mimi, nami sikujua. Nguo za watu zitasubiri. Wewe usisubiri."