Ukungu Uliozibwa

Gensai alikuwa anakunywa supu ya asubuhi alipoisikia tena sauti ya wino ukisagwa juu ya jiwe. Ilitoka chumba cha kuchorea. Mkewe, Oyone, alikuwa ameketi mbele yake, na nyumbani hapakuwa na mtu mwingine.

"Umesikia?" alinong'ona Oyone.

"Panya," akajibu Gensai kwa ukali.

Hakuwa panya. Kwenye milango ya karatasi aliyokuwa akiichora milima kwa ajili ya hekalu, kati ya vilele, pale alipoacha patupu pawe ukungu, lilikuwa limerudi lile doa lenye umbo la mtu aliyeketi. Alikwisha kuibandua karatasi na kubandika mpya, lakini wapi. Na wino ukishaingia kwenye karatasi hautoki hata ulie. Mzee wa watu alikuwa amechoka.

Oyone akamleta Chiko, mtawa mzee. Mtawa akautazama ukungu.

"Mwalimu, umeacha nafasi, na pepo amekaa. Mwache, ataondoka mwenyewe. Ukimzibia hapa, atatafuta patupu pengine humu ndani."

"Kesho milango inachukuliwa. Nipeleke na doa?"

"Baba, msikilize," alisihi Oyone.

"Wewe unajua nini kuhusu wino?" Alisema bila kumtazama. Akiwa kazini hakumtazama mtu, na kazini ndiko alikoishi.

Hasira hasara, lakini nani wa kumwambia? Mtawa alipoondoka tu, mtu huyu aliyezeeka akiwafundisha wenzake kuacha nafasi akachovya brashi kubwa, akaujaza ukungu wote mlima mmoja, mweusi tii. Sauti ikakoma. Akashusha pumzi.

"Oyone, chai."

Akasikia nyayo zikija polepole, na harufu ya wino mbichi ikazitangulia, ikamjaa puani na kooni, kisha mlango ukasogea, Oyone akapiga magoti, akaweka sinia kwa adabu yake ya kila siku, akainua kichwa, na pale palipokuwa na macho na pua na mdomo palikuwa peupe kama karatasi isiyoguswa.

Akamsogelea mumewe, akamtia brashi mkononi, akatega uso.

Gensai akainua mkono, akilia. Miaka yote ile ya ndoa, na hakukumbuka hata macho ya mkewe yalikuwaje.