Dumu Linalokufa kwa Hewa

SAA TATU ASUBUHI. Chumba cha nyuma, duka la pombe, Nkowankowa.

Basani alichora kiwanda sakafuni kwa chaki. Lango. Mizani ya malori. Chumba cha mbegu. Wanaume wawili walimtazama: Khazamula, kaka yake, dereva, na Risimati, mwosha matangi wa kiwanda, mwenye ufunguo.

"Dumu la mbegu ni moja," alisema. "Ndani mna vijidudu vya udongo. Vinakula maembe mabovu, vinatoa tina ya rangi na mafuta ya kuendeshea injini. Hewa ni sumu kwavyo. Ukifungua ukakoroga, umeviua. Kuna asiyeelewa?"

Wote walikuwa wameelewa.

Hasira yake ilikuwa ya haki. Mabwana wa kiwanda walikuja na makoleo, wakachota udongo chini ya miembe ya mama yake, wakaahidi makubwa. Leo vijidudu vya udongo ule vina hati na muhuri, mali ya kiwanda, na mama mtu anafukuzwa langoni kama mbwa. Wanawake wa kijiji wamechomelea tangi lao wenyewe. Maembe yanaoza mpaka nzi wameshiba. Wamekosa mbegu tu. Sasa mwizi ni nani hapo? Hebu niambie.

SAA SITA MCHANA. Foleni ya malori kiwandani, Letsitele.

Mlinzi alikuwa anakula sima na miguu ya kuku. Hakuinua hata kichwa. Khazamula alipandisha lori la maembe mabovu kwenye mizani. Risimati akafungua chumba. Basani akatoka na dumu la chuma ndani ya gunia, linafukuta. Fundi mmoja aliuliza ni nini, Risimati akamjibu maji machafu. Wakatoka wote watatu, dumu miguuni mwa Basani.

SAA SABA. Daraja la Letaba.

Polisi walikuwa wanakagua leseni tu. Leseni ya Khazamula haikuwa na kasoro. Lakini dumu lilikuwa linafoka, na afande akauliza ni nini.

"Pombe ya ng'ongo, afande," Khazamula akaropoka.

Lo! Pombe zote duniani, kachagua hiyo. Ng'ongo, pombe ya matunda ya porini, kwao haiuzwi, na mtu hanyimwi. Hata adui akipita, anamiminiwa. Afande alikwenda kwenye gari lake akarudi na kikombe, anatabasamu.

Basani alimwambia haijaiva.

"Inachemka hivi, haijaiva? Unaninyima ng'ongo, dada?"

Tabasamu lilikuwa limekwisha. Basani akalilalia dumu. Jela angeingia akatoka. Vijidudu vikifa, kijiji hakina kingine.

"Nipeleke kituoni, afande. Hili halifunguliwi."

 Risimati alimvuta Basani kwa nywele, akamsukumia mlangoni, akashika kifuniko.

"Mwonjeshe aende zake. Mimi nina watoto."

"Risimati, nitakuua."

Akafungua. Afande alichovya kikombe, akakoroga povu kulisogeza, kama kila mtu anavyofanya kwenye mtungi wa ng'ongo. Akakoroga tena, vizuri. Kabla kikombe hakijafika mdomoni, harufu ya tina ilimpanda puani. Akakitupa, akachomoa bastola.

Dakika moja baadaye wote watatu walikuwa kifudifudi kwenye lami ya moto, wamefungwa pingu. Risimati alikuwa anawataja wenzake kabla hajaulizwa.

"Nilisema lililonijia," Khazamula alinong'ona.

"Ungesema dawa ya kuogeshea ng'ombe, mjinga wewe. Nani angeomba kuonja?"

Dumu liliwekwa kando ya barabara, wazi, juani. Basani alimwomba afande alifunike. Akaomba tena. Kisha akamtukana yeye na ukoo wake wote, na machozi yakamtoka kwa hasira.

Afande alisema ushahidi hauguswi na mtu mpaka wapelelezi wafike. Walifika jioni.