Watoto wa Kota za Blanketi

Mashine za kusaga za pale sokoni Kilombero, Arusha, zikianza kunguruma, hata kama ulikuwa unagombana na mtu, itabidi ungoje. Jumamosi ile zilikuwa zinanguruma nne kwa pamoja. Vumbi la unga lilitanda kibandani kama ukungu, wanawake wameziba pua kwa khanga, na Tekla alikuwa amekaa juu ya kiroba chake cha mahindi akingoja zamu. Alivaa gauni la kitenge cha bluu alilolishona mwenyewe, kwa maana kushona ndiyo kazi yake. Mapazia yake yananing'inia katika nyumba nyingi za Levolosi.

Upande wa pili fundi mmoja alikuwa amechuchumaa, anakaza mkanda wa mashine ya tano, ile mbovu. Mrefu, mweusi wa kung'aa, ovaroli yake ya kijivu imepauka magotini. Aliinua uso kufuta jasho, akamwona Tekla amesimama kusogeza kiroba. Midomo yake ikacheza polepole bila kutoa sauti:

"Dada, nyuma kote mweupe. Umekalia unga."

Tekla naye, bila hata kufikiri, akajibu vilevile, kwa midomo mitupu:

"Najua. Kwani umetumwa kukagua nyuma za watu?"

Spana ikamdondoka fundi. Alicheka hadi akashika ubavu. Tekla alitaka kucheka pia, ila moyo ulikuwa umeruka. Watu wengine wakizidiwa na kelele hupaza sauti. Wanaotamka maneno kwa midomo mitupu, kiganja kikisaidia, ni wafumaji wa kile kiwanda cha blanketi kilichofungwa zamani, pamoja na watoto wao, maana baba akirudi nyumbani alikuwa anaendelea kuongea kama yuko kwenye mashine.

Tekla alipotoka na kiroba chake, fundi aliokota spana, akamfuata nje akipangusa mikono kwa kitambaa kilichojaa grisi.

"Kota za kiwanda?" aliuliza.

"Kota. Mstari wa nne, karibu na bomba. Na wewe?"

"Mistari ya juu."

"Oho! Kule kwenye umeme. Nyie mlituonea sana."

"Mimi sikumwonea mtu, bibie. Nilikuwa naonewa."

"Unaitwa nani?"

"Abdiel."

"Abdiel... Simkumbuki Abdiel yeyote."

"Nilikuwa mwembamba, nikigeuka ubavu huwezi kuniona. Baba yako nani?"

"Ludovick. Mfumaji wa mashine ya kumi na mbili."

Fundi akainama kutafuta spana ambayo tayari ilikuwa mkononi mwake. Alipoinuka alikuwa anatabasamu tena, lakini tabasamu lile lilikuwa limepungua kidogo.

"Naomba namba yako, Tekla. Ya simu, sio ya mashine."

"Jina langu nimekuambia saa ngapi?"

"Limeandikwa kwenye kiroba chako."

Basi simu zikaanza. Asubuhi Tekla akifungua duka, simu. Mchana akikata kitambaa, simu, kaibana kati ya bega na sikio, mkasi unaendelea. Abdiel alikuwa amefanya kazi Morogoro miaka mingi, kwenye mitambo ya nguo, na sasa alikuwa amerudi Arusha kutengeneza mashine za watu. Alikuwa na sauti nzito isiyo na haraka.

"Unakumbuka mfereji?" aliuliza siku moja.

"Nisiukumbuke? Tulikuwa tunajua wanatia rangi gani kwa kuangalia mfereji. Ukiwa mwekundu, Jumatatu. Mama alikuwa anatuchapa tukirudi na miguu ya kijani."

"Mimi nilimtumbukiza bata wa jirani ili niwe na bata wa zambarau."

"Muongo!"

"Haki ya Mungu. Nilipigwa na watu watatu, mama, jirani, na bata mwenyewe."

Tekla alicheka hadi mteja akamkazia macho. Alikuwa na miaka thelathini na sita. Shangazi zake walikuwa wamechoka kumuuliza ataolewa lini, na yeye alikuwa amezoea kumwuguza mama yake hadi alipofariki, kisha kumtunza baba. Hakudhani kwamba kuna mtu duniani angemkumbushia mipira ya nyuzi waliyoisuka kutoka lundo la takataka za kiwanda, au king'ora cha saa kumi na mbili kilichoamsha hadi kuku, au zile blanketi zenye kasoro walizouziwa wafanyakazi, ambazo kila nyumba ya mstari wa nne ilikuwa nazo, zote zimekosewa mahali pamoja. Walikuwa maskini, ndiyo. Lakini asubuhi Mlima Meru ulikuwa unasimama wazi juu ya mabati ya kiwanda kabla mawingu hayajaufunika, na watoto waliamini ni wa kwao, umewekwa pale kwa ajili ya kota.

"Mbona umenyamaza, mpenzi?" Abdiel aliuliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita hivyo.

"Nakumbuka tulivyohama," Tekla alisema. "Baba alikuwa wa kwanza kupunguzwa kazi. Nyapara wao, Melkizedeki, ndiye aliyetoa majina. Na alikuwa rafiki wa baba! Tulitolewa nyumba ndani ya wiki. Vitanda juu ya mkokoteni, mama analia. Na mtoto wa huyo nyapara, tulikuwa tunamwita Doti, kakaa kizingitini, kavaa raba mpya, anatutazama tu. Siku nikikutana na yule Doti nitamzaba kibao."

Tekla aliitazama simu kuona kama imekatika.

"Upo?"

"Nipo."

"Ni mtandao?"

"Ndiyo," alisema Abdiel. "Mtandao."

Walipendana hivyohivyo. Walikutana Jumapili baada ya ibada, Abdiel Mlutheri, Tekla Mkatoliki, kila mmoja akimtania mwenzake kuhusu urefu wa mahubiri ya kwao. Walikula mahindi ya kuchoma wakitembea, na Tekla alirudi kushona huku akiimba. Jambo moja tu lilimkera. Kila alipomwalika nyumbani Sombetini amwone baba, Abdiel alikuwa na udhuru. Mara mashine ya mtu imekufa, mara mafua.

"Una mke Morogoro?" Tekla aliuliza siku moja kwenye simu.

"Sina, mama."

"Basi Jumapili saa saba. Napika mtori wa ndizi na nyama. Usipokuja, usinipigie tena."

Alikuja. Shati jeupe limepigwa pasi, viatu vinawaka, mkononi mfuko wa maparachichi. Mzee Ludovick alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Masikio yake yalikuwa yamekwisha, mtu akiingia alimtazama mdomoni kwanza.

"Shikamoo, baba," Abdiel alisema, akimwelekea vizuri.

"Marahaba." Mzee alimtazama. Akaendelea kumtazama. "Sura hii naijua. Wewe ni wa Melkizedeki."

Tekla alikuwa ameshika bakuli la mtori. Alimgeukia Abdiel akingoja akane. Abdiel hakukana.

"Ni baba yangu mzazi, mzee."

Bakuli likawekwa mezani kwa nguvu hadi mtori ukaruka. Tekla alimvuta Abdiel nje kwa mkono wa lile shati jeupe, wakasimama penye tangi la maji, chini ya dirisha.

"Wewe ndiye Doti!"

"Ndiyo mimi."

"Miezi minne! Miezi minne nakuelezea machungu ya nyumba yetu, unaniambia mtandao!"

"Nilitaka kukuambia. Kila nikianza, naogopa."

"Baba yako alitutupa njiani kama takataka. Mama yangu alifua nguo za watu hadi mgongo ukapinda. Kaenda kaburini akilitaja jina la Melkizedeki! Sema kitu. Mtetee basi!"

Abdiel alifumbua mdomo. Tekla aliona kabisa neno likija, limefika hadi kwenye meno, halafu akalimeza.

"Siwezi," alisema. "Nisamehe kwa lile la kukuficha. Hayo mengine siwezi."

"Ondoka, Abdiel."

Akaondoka. Maparachichi yalibaki mezani mpaka yakaoza, hakuna aliyeyagusa.

Simu ililia siku tisa, kisha ikaacha. Tekla alikosea vipimo vya mapazia mara mbili. Aliwaambia wateja ana malaria.

Jumapili ya tatu, aliporudi kutoka kanisani, alimkuta baba yake jikoni anamenya ndizi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani.

"Yule kijana haji tena?" mzee aliuliza.

"Haji."

"Uliyomwambia pale kwenye tangi niliyaona yote. Sisikii, lakini dirisha lina kioo." Aliweka kisu chini. "Kaa, mwanangu."

Tekla akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Unadhani masikio yangu yalikufa kwa uzee. Sivyo. Yalianza kufa nikiwa na miaka thelathini na tano, kwenye zile mashine. Nikawaficha watu. Nilisoma midomo, nikacheka wanapocheka wenzangu. Siku moja uzi ulinasa, nikaingiza mkono ndani ya mashine. Mwenzangu akapiga ukelele kwamba anaiwasha. Kila mtu alisikia isipokuwa mimi. Melkizedeki alinirukia, akanivuta. Mkono wangu ukatoka. Kidole chake kikabaki."

Tekla alikikumbuka kile kidole. Watoto wa mstari wa nne walisema Mungu amemwadhibu nyapara.

"Walipotaka orodha ya watu wa kupunguzwa, akaniita pembeni. Akasema, Ludo, nikikuacha kwenye mashine utakufa, au utaua mtu. Nikamwambia, andika jina langu, lakini uape hutamwambia mtu yeyote kwa nini. Akaapa. Mwanamume kijana, ana mke na watoto, anasemaje kwamba ni kiziwi? Ilikuwa rahisi watu waseme nimesalitiwa."

"Na mama?"

"Sikumwambia."

"Baba! Mama amekufa akimchukia mtu aliyekuokoa mkono!"

"Ndiyo," alisema mzee. Hakuinamisha uso.

Tekla alitoka nje. Alichukua sufuria zilizokuwa safi, akazisugua tena kwa mchanga zote, akilia kwa hasira, kisha kwa kitu kingine kisicho hasira. Alipomaliza alinawa, akapiga simu. Ilipokelewa kabla haijalia mara ya pili.

"Abdiel."

"Naam."

"Ulikuwa unajua?"

"Kuhusu masikio? Ndiyo. Baba aliniambia nikiwa mtu mzima, akaniapisha na mimi."

"Nimekutukania mzazi wako, umekaa kimya tu."

"Lilikuwa la wazee, Tekla. Halikuwa langu la kutoa."

"Na jina lako? Nalo lilikuwa la wazee?"

"Hapana. Hilo ni langu peke yangu. Niliogopa kile kibao."

Tekla alicheka huku makamasi yakimtoka. "Bado nimekukasirikia, ujue."

"Kasirika. Ila kasirika ukiwa karibu."

"Baba anataka kumwona baba yako."

Jumamosi Tekla na baba yake walikwenda Makumira kwa teksi; Abdiel alikuwa ametangulia. Mzee Ludovick alivaa koti lake la sherehe. Nyumba ya Melkizedeki ilikuwa ndani ya migomba na mibuni, ukuta umepakwa chokaa, mfereji wa maji safi ukipita pembeni. Mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni na fimbo, mfupi kuliko Tekla alivyomkumbuka. Utotoni alimwona mkubwa kama geti la kiwanda.

Mzee Ludovick alimfuata, akauchukua ule mkono wenye vidole vinne, akaushika kwa mikono yake miwili.

"Nimechelewa," alisema.

"Miaka ishirini na saba, Ludo!" Melkizedeki alisema. "Nilidhani nitakufa wewe hujaja."

"Mke wangu hakujua. Amefariki hajui."

Melkizedeki akatikisa kichwa taratibu. Machozi yalimshuka, hakuyafuta. "Basi tutamwambia tukifika huko," alisema. "Wewe utatangulia kuongea. Mimi ananiogopesha."

Wazee wakaangua kicheko, wakashikana mabega. Tekla alipiga goti mbele ya Melkizedeki. "Shikamoo, baba. Naomba unisamehe. Nimekusema vibaya tangu utotoni."

"Marahaba, binti. Inuka. Ulikuwa unampenda baba yako, nitakulaumu nini?"

Akamgeukia Ludovick, na kwa kuwa alitaka asikike vizuri, alipaza sauti kiasi kwamba majirani wawili walitoka nje kutazama.

"LUDO! KIJANA WANGU ANATAKA KUMWOA BINTI YAKO! HALALI USIKU! NIMECHOKA KUMSIKIA AKIZUNGUKAZUNGUKA CHUMBANI!"

"Baba!" Abdiel aliruka kutoka penye migomba. Alikuwa amevaa lilelile shati jeupe, na sasa uso wake ulikuwa umeiva kwa aibu.

"Nini? Si ndivyo ulivyosema?"

"Nilisema nitamuuliza mwenyewe!"

"Muulize basi," alisema Mzee Ludovick, aliyekuwa amesoma yote midomoni mwao. "Mnangoja nini, tuzeeke zaidi?"

Abdiel alimsogelea Tekla. Alikuwa amepanga maneno wiki nzima, mazuri, yote yakamtoroka.

"Sina la kukuficha tena," alisema. "Nakoroma. Kahawa sijui kupika. Nimenunua kiwanja Usa River, bado ni majani matupu. Na sitakuwa na amani nisipokuwa na wewe. Utakubali nikuoe?"

Tekla alimtazama mtu huyu, halafu akawatazama wale wazee wawili waliobeba jambo moja miaka yote hiyo, kila mmoja kwa upande wake.

"Kwa sharti," alisema. "Kitu kikikuogopesha, unaniambia siku hiyohiyo. Sio baada ya miezi minne."

"Siku hiyohiyo."

"Basi nimekubali."

Melkizedeki akapiga fimbo chini kwa furaha. Mzee Ludovick, ambaye hapendi jambo libaki nusu, akauliza harusi itafungwa kanisa gani.

"La kwetu, bila shaka!" akasema Melkizedeki.

"Mtoto wa Kikatoliki? Thubutu!"

Wakaanza kubishana palepale uani, wakinyoosheana vidole, sauti zikipanda, nyuso zimewachangamka kama vijana. Tekla alimshika Abdiel mkono, akamvuta taratibu kuelekea jikoni.

"Waache," alimwambia. "Hao wana mengi ya kufidia. Njoo nikufundishe kupika kahawa."